Makasha Matatu ya Babu Grunert

Merzleben, 12 Mei 1739

Shangazi Rosina,

Keti kwanza, maana barua hii imeandikwa na mpuliza tarumbeta mkubwa kuliko wote waliowahi kupanda mnara tangu minara ianze kujengwa. Sijisifu, nakupa habari. Jumapili iliyopita nilipuliza saa nne asubuhi kutoka juu ya mnara wa kanisa, na farasi wa mpika bia akapiga magoti katikati ya soko. Watu wanasema aliteleza. Watu wana wivu tu.

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Yule kuku mweusi bado anataga kwenye kiatu cha marehemu Babu? Mimi mzima wa afya. Nakaa kwa fundi mkuu wa wapuliza wa mji, anayenifunza kazi, na mkewe hutukatia mkate mwembamba hivi kwamba ukiuinua unaliona kanisa upande wa pili. Nimerefuka tena. Suruali uliyonishonea sasa inaishia magotini, na wasichana hawajalalamika.

Haya, sikia. Huku kuna mwalimu wa nyimbo wa kanisa, Bwana Hasenbalg, mtu wa kuvaa nywele za bandia hata akienda chooni. Majuzi alisema mbele ya watu kwamba muziki wa wazee kama Babu unafaa kufukuzia panya. Nikasimama. Nikamwambia kwamba babu yangu, Ehrenfried Grunert wa Kleinbrunn, alitunga muziki mpya kila wiki kwa miaka thelathini na mmoja, wenzake wakiwa bado wanatafuta kalamu, na kwamba Wimbo wake wa Malaika Mikaeli ukipigwa hapa, yeye Bwana Hasenbalg atazivua hizo nywele kama mtu anayevua kofia mbele ya mkubwa wake. Fundi wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea.

Kumbe jamaa si mbaya. Alicheka, akaniambia niulete. Utapigwa sikukuu ya Mikaeli, tarehe ishirini na tisa Septemba, kanisa likiwa limefurika. Wazee wa kanisa wakiupenda, kabati kubwa lililo nyuma ya madhabahu litapokea makasha yote matatu ya muziki wa Babu, na kazi zake zitaimbwa hapa mwaka baada ya mwaka. Unasikia, Shangazi? Kleinbrunn walimsahau kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Merzleben ina watu elfu nne, na masikio yao yote yatamjua.

Nitumie muswada. Karatasi za wapigaji nitaziandika mwenyewe. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Mtoto wa kaka yako, asiye na mfano,
Veit


Kleinbrunn, 9 Juni 1739

Veit mwanangu,

Marahaba. Farasi wa watu nimemwonea huruma. Goti langu linajua mvua kabla ya mawingu, vinginevyo halina neno. Kuku tulimla Pentekoste. Usilie, alikuwa ameanza kula mayai yake mwenyewe. Kwenye kaburi la babu yako nimepanda mimea mipya, na jiwe nimelisugua.

Mwalimu mpya wa nyimbo alikuja juzi na mkewe kupima madirisha. Unajua nyumba hii ni ya kanisa, na kwa miaka mitatu wameniacha humu kwa heshima ya baba. Heshima hiyo inaisha sikukuu ya Martini, Novemba kumi na moja. Mjane wa mwokaji atanipa chumba. Kizuri, kina joto la tanuri, lakini kitanda kikishaingia mlango haufunguki wote, sembuse makasha matatu. Muuza siagi amenijia mara mbili. Anasema karatasi ya noti za muziki ni nene, haipitishi mafuta. Nilimpa kiti, nikampa bia, nikamwonyesha mlango. Kwa hiyo usidhani naandika kwa mchezo. Wakiikataa kazi ya baba huko kwako, sina mahali pengine pa kuipeleka.

Nimekufungia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mke wa fundi mpe kipande kinene, ajifunze.

Muswada wa Mikaeli umo chini ya paja, umefungwa kwa kitambaa cha nta. Baba aliutunga akiwa na miaka sabini na mmoja, na ndio bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Hilo nalisema mimi niliyemnakilia kila wiki. Karatasi nyingi za wapigaji zimeliwa na unyevu, itabidi uandike upya. Nimekuwekea karatasi tupu za baba, alizozipiga mistari kwa mkono wake. Zitumie.

Sasa la kinanda, na unisikilize. Vinanda vyetu vya makanisani hulia juu kuliko zumari na filimbi, na nadhani cha Merzleben kimezidi hatua moja nzima ya sauti. Karatasi ya mpiga kinanda usiinakili kama ilivyo kwenye muswada. Shusha kila noti hatua moja, ndipo kinanda na wenzake wakutane. Mwulize kwanza mpiga kinanda wenu. Ukiona uvivu, nirudishie niiandike mimi.

Shangazi yako,
Rosina


Merzleben, 2 Septemba 1739

Shangazi mpenzi,

Najua, najua. Karibu miezi mitatu. Lakini mtu mkubwa ana mambo mengi. Kulikuwa na harusi sita, na katika ile ya binti wa mfua shaba nilipuliza hadi bibi harusi akaniomba nipunguze ili asikie anaulizwa nini na mchungaji.

Natumaini u mzima. Mvua imeanza? Paja la nguruwe lilikuwa tamu ajabu. Mke wa fundi alikula, kisha akatukatia mkate wa unene wa kidole. Umefanya muujiza ukiwa mbali.

Kazi imekwisha yote. Karatasi kumi na nne, siku tatu. Bwana Hasenbalg alipoziona alisema hajawahi kuona noti zilizosimama wima namna ile, kama askari wanaotarajia mshahara. Nikamwambia hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyo. Waimbaji wamezipata, wapiga fidla wamezipata, ngoma za shaba tumezikaza ngozi upya. Mimi nimepewa tarumbeta ya kwanza, mtu wa miaka kumi na minane, na mzee aliyekuwa akiipuliza hanisalimii tena.

Kuna mahali fulani, malaika anamtupa joka, ambapo Babu amezigonganisha sauti mbili kwa makusudi, ukisikia unataka kuziba masikio na kuyafungua kwa pamoja. Wale waimbaji walidhani nimekosea kunakili. Nikawaambia hapana, huyo ndiye Babu, jizoezeni. Sasa wanapaimba hata wakiwasugua farasi kwa brashi. Bwana Hasenbalg mwenyewe nilimkuta anapapiga mluzi. Hakupenda nilivyomtazama.

Anza kuyafuta makasha vumbi.

Veit


Kleinbrunn, 14 Septemba 1739

Veit,

Mimi mzima, mvua imeanza, plamu zimeiva na nimepika vyungu vinne. Nimefurahi kusikia wanapaimba pale pa joka. Baba alipapigania wiki nzima. Alikuwa haoni tena vizuri, akinitamkia noti moja moja, na kila nilipodhani amekosea alinigonga vidole kwa kijiti na kuniambia niandike nilichosikia.

Hukunijibu kuhusu karatasi ya kinanda. Nijibu kabla ya sikukuu.

Shangazi yako


Merzleben, 20 Oktoba 1739

Shangazi mpenzi, mama wa vyungu vinne,

Makasha yamekubaliwa. Nimeitanguliza habari hiyo ili uendelee kusoma moyo ukiwa mweupe. Wazee wa kanisa walikaa kikao kimoja tu. Kabati limepakwa rangi. Kodi mkokoteni kabla ya Martini, uyalete yote matatu, na yule muuza siagi mpitie njiani mwambie afungie siagi yake kwa majani.

Shikamoo, nilisahau. Hapa sote wazima. Fundi alitegua bega akicheza densi.

Sasa nikupe sikukuu yenyewe. Jumatatu tulifanya mazoezi shuleni, na Bwana Hasenbalg alituongoza akiwa kwenye kinanda kidogo cha nyuzi, kile kinachokubaliana na zumari, akisoma moja kwa moja kwenye muswada. Tulipatana kama vidole vya mkono mmoja. Mzee Krippner, anayepiga kinanda kikubwa cha kanisani, mazoezini haji kamwe, anasema hajaanza kujifunza leo. Karatasi yake niliiweka juu ya kinanda Jumanne asubuhi.

Watu walijaa mpaka ngazini. Kulikuwa na wageni waliokuja kwenye gulio la sikukuu, kulikuwa na mama mmoja na bata bukini wake wawili kikapuni. Bwana Hasenbalg akainua mkono, akaushusha. Sisi tukaingia. Kinanda nacho kikaingia, Shangazi, kwa nguvu zote za mivukuto sita, hatua moja juu yetu.

Sijui nikuelezeje. Umewahi kusikia magari mawili ya mawe yakiteremka kilima kimoja? Wale bata bukini walijibu. Mwimbaji wa sauti ya chini alitazama juu kana kwamba paa limeachia. Tulijikongoja labda kwa pumzi kumi, kisha mwalimu akapunga mikono, tukanyamaza kanisa zima.

Nitakwambia ukweli, nawe ucheke. Barua yako ya Juni niliisoma hadi kwenye paja la nguruwe, nikaacha. Yaliyofuata niliyasoma jioni ya sikukuu. Ndiyo maana sikukujibu; nilidhani unaniuliza jambo nililokwisha kulijua.

Yaliyosemwa katika kile kimya si ya kuandikwa kwenye barua. Hayana uzito. Muhimu ni kwamba Bwana Hasenbalg aliamuru kinanda kinyamaze, tukaanza upya na fidla kubwa peke yake chini yetu. Na bila ule mngurumo, Shangazi, kila kitu alichokiandika Babu kikasikika. Kila uzi. Ile sauti ya watoto inayopita juu kama mtu anayetembea ukutani, ilisikika. Tulipofika pale pa joka nilipuliza nisivyowahi kupuliza, sikutia mbwembwe hata moja, nilipuliza alichoandika, na watu walioketi wakasimama bila kuambiwa. Mama wa bata bukini alikuwa analia akiwaziba midomo ndege wake. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ambaye wenzake wanasema hakulia hata alipozika ng'ombe wake, alikuja baadaye kuniuliza mtunzi kazikwa wapi, akipita apaone.

Kazikwa Kleinbrunn, nikasema, na mimi ni mjukuu wake.

Lete makasha.

Veit


Kleinbrunn, kwa mjane wa mwokaji, 15 Novemba 1739

Veit mwanangu,

Nimehama. Chumba kina joto, nami naamka na harufu ya mkate, kwa hiyo usinionee huruma. Nimekufumia soksi, zimo kwenye kasha la tatu, pembeni.

Makasha yaliondoka siku ya Martini. Nilidhani nitayapakia na mwenye mkokoteni, sisi wawili, kimyakimya. Kumbe habari za Merzleben zilishafika. Majirani walitoka. Wale wale waliomsahau, ndiyo, na mimi nilisema hivyo moyoni, lakini walitoka, na mwalimu mpya alishika pembe ya kasha la pili kwa mikono yake na akavua kofia mkokoteni ulipoanza kwenda. Niliusindikiza mpaka kwenye kinu. Nilitembea kama binti wa mtu, Veit. Sijatembea hivyo tangu baba afe.

Kinanda umenichekesha kweli, nikakutukana kweli, nikamaliza. Kosa la karatasi ni kosa la karatasi. Baba mwenyewe aliwahi kuwapa wapiga fidla wimbo wa mazishi siku ya harusi.

Lakini wiki iliyopita alipita hapa mchuuzi wa sindano aliyekuwa kanisani siku ile. Aliusifia muziki hadi chai ikapoa. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba inasikitisha jinsi mzee Grunert alivyochanganyikiwa mwishoni. Nikamwuliza nani kasema hivyo. Akasema Merzleben kila mtu analijua hilo, mzee alisahau hata kinanda cha kanisa kinavyolia.

Nimelifikiria jambo hili kwa siku kadhaa. Nyumbani kwetu tuliandika mwandiko mmoja. Baba alitulazimisha, baba yako, mimi, na baadaye wewe, ili mpiga fidla akifungua ukurasa asiulize nani kauandika. Mkia wa noti yako na wake hata mimi siwezi kuutofautisha. Na karatasi ile ilikuwa ya kwake.

Macho ya baba yalikufa kabla yake. Akili haikufa hata siku moja. Miaka kumi ile ya mwisho nilikaa naye mezani kila siku, na nilichokiandika kwa mkono huu kilitoka kwa mtu aliyekuwa akiona mbali kuliko sisi sote.

Nijibu jambo moja tu. Huko wanasema kosa lilikuwa la nani?

Shangazi yako,
Rosina


Merzleben, 8 Januari 1740

Shangazi,

Shikamoo. Huku mto umeganda, na juu ya mnara tarumbeta ikigusa mdomo inang'ang'ania ngozi. Fundi bega limepona. Soksi nimezivaa, zimenitosha. Najua barua yako ina wiki karibu nane. Yangu nimeianza mara nne. Mara tatu nilijikuta najisifu, nikaitupa jikoni.

Makasha yalifika salama, hakuna hata ukurasa ulioloa. Niliyafungua mimi. Watoto wa shule wanajifunza ule wimbo wake wa Pasaka, ule wa zamani ambao Babu aliutunga wakati baba yangu bado mtoto, na wakienda kuteleza kwenye barafu wanauimba. Hili sijaliongeza chumvi. Ukipita Merzleben leo ukauliza mtoto yeyote Grunert ni nani, atakuimbia.

Sasa swali lako.

Katika kile kimya, Bwana Hasenbalg aliichukua karatasi kwenye kinanda cha Mzee Krippner, akaigeuza huku na huku, akaniita kwenye ukingo wa roshani tuliyokuwa tukipigia. Waimbaji wote walikuwa wananitazama. Chini watu mia sita walikuwa wameinua vichwa. Hakunifokea. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mwandiko huu ni wa nani?"

Nikasema, "Wa Babu."

Sikupanga. Lilinitoka kama pumzi. Nilikuwa nimejigamba miezi mitano kwa mji mzima, na tarumbeta ya kwanza ilikuwa mkononi mwangu, na nilijua nikisema ni wangu nitaiweka chini na nisiishike tena. Nikadhani marehemu hawezi kudhurika. Bwana Hasenbalg, aliyejua kwamba karatasi chache za zamani zilisalia, alinitazama kwa huruma, akanigusa bega, na ile huruma ikashuka ngazi ikawafikia wazee wa kanisa, ikatoka mlangoni. Siku nzima ile watu walininunulia bia na nyama ya bata bukini, wakaniambia babu yangu alikuwa mtu mkubwa kabla akili haijamwacha. Nikala. Nikasema asante.

Nilijiambia makasha yakifika, watausoma muziki wenyewe, watajua. Yalifika. Bwana Hasenbalg aliketi nami wiki nzima kuyapanga kabatini, na kwa heshima kubwa, usidhani ni mtu mwovu. Kazi za miaka ya mwanzo alizipanga kwenye rafu iliyo karibu na mkono. Kila alipokutana na sauti zinazogongana alitafuta tarehe, na tarehe ikiwa ya miaka kumi ya mwisho alitikisa kichwa, akaiweka pembeni. Zote zile ulizomwandikia wewe, Shangazi, na Mikaeli juu yake. Akazifunga kwa kamba. Wazee walipouliza mbona na Mikaeli umewekwa pembeni, akawaambia wameulilia wimbo wenye makosa, atausahihisha akipata nafasi, na pale pa joka atapalainisha.

Kisha akakata kipande cha karatasi ya jalada, akaandika kwa herufi kubwa za kusomwa na watakaokuja baada yetu: Kazi za uzeeni, akili ya mtunzi ikiwa imechoka. Zisipigwe kabla ya kusahihishwa.

Alipomaliza wino ulikuwa bado mbichi. Akanyoosha mkono bila kunitazama, akiomba mchanga wa kukaushia. Kikopo kilikuwa upande wangu. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda mrefu sana, Shangazi, mkono wake umenyooka pale.

Nilikichukua kikopo, nikanyunyiza mimi mwenyewe, nikangoja yale maneno yakauke.

Veit